Mjumbe Aliyechaguliwa Mara Tatu Kabla ya Kuketi



Liko swali moja ambalo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, kiti cha mjumbe katika Baraza ni mali ya nani? Mmoja atasema ni mali ya mjumbe mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayekikalia na kupokea mshahara wake. Mwingine atasema ni mali ya Baraza, kwa kuwa kila nyumba ina mlango wake, na mwenye nyumba ndiye aamuaye nani aingie na nani abaki nje. Wa tatu atasema ni mali ya wale waliosimama juani katika mstari siku ya kura. Juma hili twapenda kuwaeleza habari za mjumbe mmoja wa Marekani ambaye kwa sababu yake swali hili lilipelekwa mbele ya mahakama iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ile, nalo likapata jibu.

Jina lake ni Julian Bond. Alizaliwa tarehe 14 Januari, 1940, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Baba yake, Dr. Horace Mann Bond, alikuwa mwalimu na mtaalamu mwenye sifa, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa Lincoln University katika jimbo la Pennsylvania. Chuo hicho kinajulikana sana Afrika, kwa maana ndicho walichosoma Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria katika ujana wao. Basi Julian alilelewa katika nyumba ya vitabu na mazungumzo. Mwaka 1957 aliingia Morehouse College mjini Atlanta, jimbo la Georgia, akaanza masomo ya juu.

Lakini nje ya lango la chuo mambo yalikuwa mengine. Katika majimbo ya kusini ya Marekani mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika mikahawa ya weupe, wala kuketi apendapo katika basi, na mara nyingi alizuiwa kwa hila au kwa vitisho asijiandikishe kupiga kura. Mwezi wa Machi 1960 wanafunzi wa Atlanta walikwenda kuketi katika mikahawa waliyokatazwa, bila fujo na bila kumpiga mtu, wakangoja wauziwe chakula. Bond alikuwa mmoja wa viongozi wao, naye alikamatwa katika mkahawa wa ofisi za Baraza la Mji. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa herufi zake SNCC, iliyofanya kazi ya kudai haki kwa njia ya amani na kuwaandikisha watu weusi katika orodha za wapiga kura. Aliacha masomo, akawa mkuu wa habari wa kamati hiyo. Wasomaji wetu wa Kenya watapenda kujua kwamba Bwana Oginga Odinga alipozuru Atlanta mwezi wa Desemba 1963, vijana wa kamati hiyo walikwenda hotelini kumwamkia.

KURA YA MKULIMA NA KURA YA MTU WA MJI

Ili tufahamu jinsi Bond alivyopata kusimama katika uchaguzi, yatupasa kwanza tueleze kidogo mambo ya utawala. Marekani ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina Gavana wake, mahakama zake na Bunge lake la kutunga sheria, mbali na Serikali kuu iliyoko Washington. Bunge la Georgia lina mabaraza mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, na wajumbe wa yote mawili huchaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Kwa miaka mingi kura katika Georgia hazikuwa na uzito mmoja. Jimbo lina wilaya 159. Katika uchaguzi wa mchujo wa chama kilichotawala, kura za watu hazikujumlishwa tu. Kila wilaya ilipewa hesabu yake ya alama. Wilaya 8 zilizo kubwa zilipewa alama 6 kila moja, wilaya 30 zilizofuata zilipewa alama 4, na zote zilizobaki zilipewa alama 2. Kwa hiyo wilaya tatu ndogo kabisa, zenye watu wachache, zilikuwa na nguvu sawa na wilaya ya Fulton yenye mji wa Atlanta na maelfu kwa maelfu ya watu wake. Msidhani kwamba utaratibu huu ulimtukuza mkulima. Wakulima weusi wa wilaya hizo ndogo walizuiwa kupiga kura, na ndugu zao waliohamia mjini wakaona kura zao zimepunguzwa uzito. Aliyefaidi ni yule aliyeishika wilaya ndogo mkononi mwake.

Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilitangua utaratibu huo wa alama, na mwaka 1964 ikaamua kwamba mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo lazima yagawanywe kwa kadiri ya hesabu ya watu. Ikawa lazima Georgia ikate mipaka upya, na mji wa Atlanta ukapata viti vingi zaidi. Katika eneo la uchaguzi nambari 136 walikuwamo wapiga kura wapatao 6,500, na kati yao kama 6,000 walikuwa weusi.

Bond, kijana wa miaka 25, alijitokeza kugombea kiti hicho kwa chama cha Democratic. Alikwenda mlango kwa mlango akiwauliza watu wanataka mjumbe wao awafanyie nini. Wengi walimwambia habari za mishahara isiyotosha, naye akaahidi kudai kima cha chini cha dola 2 kwa saa. Tarehe 15 Juni, 1965, kura zilipigwa. Bond alipata 2,320 na mpinzani wake, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi katika Atlanta University na mtu mweusi vile vile, alipata 487. Tangu mwaka 1907 hapakuwapo mtu mweusi katika Baraza la Wawakilishi la Georgia. Sasa waliingia kadhaa kwa pamoja.

MLANGO WAFUNGWA

Bunge lilikuwa likutane tarehe 10 Januari, 1966. Wiki moja kabla ya siku hiyo, tarehe 3 Januari, kijana mmoja mweusi aliyeitwa Sammy Younge, mwanafunzi aliyekwisha kuitumikia nchi yake katika jeshi la majini, aliuawa kwa risasi mjini Tuskegee, jimbo la Alabama, baada ya kubishana juu ya choo cha weupe katika kituo cha petroli. Wakati ule Marekani ilikuwa vitani Vietnam, na vijana waliitwa jeshini kwa lazima. Tarehe 6 Januari SNCC ilitoa tangazo la kuipinga vita hiyo. Ilisema kwamba Serikali isiyowalinda watu wake weusi nyumbani haiwezi kudai kwamba inapigania uhuru wa watu wengine ng'ambo, na kwamba inawahurumia vijana wanaokataa kwenda jeshini.

Bond hakuliandika tangazo lile. Lakini mwandishi wa habari wa radio alimpigia simu akamwuliza kama analikubali, naye akajibu kwamba analikubali, kwa kuwa yeye hapendi vita vya namna yoyote. Angeweza kusema hana habari. Angeweza kujificha kwa siku nne tu, aapishwe kwanza, kisha aseme. Hakufanya hivyo.

Habari hizo zikawaka kama moto katika nyasi kavu. Wajumbe 75 walitia sahihi hati za kumpinga, wakisema kwamba maneno yake yanawasaidia maadui wa Marekani, na kwamba mtu kama huyo hawezi kuapa kwa moyo safi kuilinda Katiba. Siku ya kuapa ilipofika, Karani wa Baraza alikataa kumwapisha Bond mpaka mashtaka yale yaamuliwe. Wenzake waliapa, yeye akabaki vivi hivi. Jioni ile ile aliitwa mbele ya kamati kuhojiwa. Alisema yu tayari kuapa kiapo kile kile waapacho wengine. Alisema hajapata kumshauri mtu yeyote achome cheti chake cha kuandikishwa jeshini, na cha kwake mwenyewe anacho mfukoni. Illa anastahi ujasiri wa mtu afuataye dhamiri yake huku akijua adhabu inayomngoja. Hakuyafuta maneno yake.

Kura zilipohesabiwa, wajumbe 184 walisema asiingie, na 12 walisema aingie.

Wazee wa Georgia waliosoma historia waliona kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, Bunge hilo hilo liliwafukuza wajumbe wake weusi, likisema kwamba ruhusa ya kupiga kura si ruhusa ya kuchaguliwa. Ilibidi Serikali ya Washington iingilie kati ndipo wakarudishwa, mwaka 1870.

NJIA MBILI ZA KUUFUNGUA

Basi Bond alikuwa na njia mbili, naye akazifuata zote pamoja. Ya kwanza ilikuwa mahakama. Alifungua mashtaka dhidi ya Spika na viongozi wa Baraza, na mmoja wa walioungana naye katika mashtaka hayo alikuwa Dr. Martin Luther King, ambaye nyumba yake ilikuwa katika eneo lile lile nambari 136. Dr. King hakuwa pale kama mtu mashuhuri tu. Alikuwa mpiga kura aliyenyang'anywa mjumbe wake. Kesi ilisikilizwa na majaji watatu, na wawili kati yao wakaamua kwamba Baraza lilikuwa na haki ya kumkataa. Bond akakata rufani.

Njia ya pili ilikuwa kuwarudia wenye kura. Kwa kuwa kiti kilihesabiwa kuwa kitupu, Gavana aliitisha uchaguzi mdogo mwezi wa Februari 1966. Bond alisimama tena, na watu wa eneo lake wakamchagua kwa wingi mkubwa. Akaitwa tena mbele ya kamati, akaulizwa kama sasa yu tayari kuyaondoa maneno yake. Akakataa. Akafungiwa mlango mara ya pili. Mwezi wa Septemba alishinda mchujo wa chama chake, na tarehe 8 Novemba, 1966, akashinda uchaguzi wa kawaida. Hiyo ndiyo mara ya tatu, katika muda wa miezi 17, ambayo watu wa eneo nambari 136 walimchagua mtu yule yule kwa kiti kile kile, naye hajakikalia hata siku moja.

Tufikirie hasara ya watu hao. Mwaka mzima wa 1966 sheria zilitungwa na fedha za kodi zikagawanywa, nao hawakuwa na sauti. Walilipa kodi kama wengine. Wangeweza kuchoka na kusema, "Na tumtafute mwingine anayekubalika, tupate kusikilizwa." Hakuna ambaye angewalaumu. Lakini walielewa kwamba wakimchagua mtu anayekubalika kwa wajumbe 184, yule hatakuwa mjumbe wao tena, bali mjumbe wa hao 184.

Tarehe 5 Desemba, 1966, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu. Iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, na majaji wote waliafikiana. Walisema kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mjumbe aape, lakini wajumbe walio wengi hawana haki ya kupima moyo wa mwenzao na kusema kwamba kiapo chake hakitakuwa cha kweli. Kwa maana wakiruhusiwa hivyo, watamnyamazisha kila mtu asiyekubaliana nao. Mawakili wa Georgia walidai kwamba mjumbe yampasa awe na utii mkubwa kuliko raia wa kawaida, na kwa hiyo uhuru wake wa kusema unaweza kupunguzwa. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba mjumbe huyo ndiye hasa anayehitaji nafasi ya kusema wazi juu ya mambo ya Serikali, ili wale wanaomchagua wapate kujua msimamo wake na kumpima.

Mwezi wa Januari 1967 Julian Bond aliapishwa, akaketi.

MPANDA NGAZI

Sifa zake zilienea nchi nzima. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, alikuwa kiongozi wa ujumbe wa Georgia uliopinga ule uliochaguliwa na wakubwa wa chama, na mwishowe nafasi za jimbo zikagawanywa baina ya jumbe hizo mbili. Katika mkutano huo alipendekezwa jina kuwa Makamu wa Rais. Aliondoa jina lake mwenyewe, kwa kuwa Katiba yataka mtu awe na miaka 35, naye alikuwa na miaka 28. Mwaka 1971 alirudi Morehouse akamaliza digrii yake, mambo ambayo vijana walioacha masomo yafaa wayakumbuke.

Alikaa katika Baraza la Wawakilishi mpaka 1975, kisha akawa Seneta wa jimbo mpaka 1987. Jumla ya miaka 20 katika mabaraza mawili. Mipaka ya uchaguzi ilipokatwa upya baada ya hesabu ya watu ya 1980, alishindania sana eneo la Atlanta la Bunge la Washington likatwe kwa namna ambayo wapiga kura weusi wangekuwa wengi. Jambo hilo lilifika mahakamani, na mwaka 1982 likapatikana. Hata hivyo, walikuwapo waliolalamika kwamba mjumbe wao asafiri mno kutoa hotuba katika miji ya mbali, wakati mambo ya nyumbani yakimngoja.

Mwaka 1986 kiti cha eneo lile kilikuwa wazi, na Bond akakigombea. Watu wengi walidhani amekwisha kukipata. Kati ya wapinzani wake alikuwamo John Lewis, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC wakati Bond akiwa mkuu wa habari. Katika mchujo wa Agosti Bond alipata asilimia 47 na Lewis 35. Lakini sheria ya Georgia yataka mshindi apate zaidi ya nusu, kwa hiyo wawili hao wakarudi uwanjani mwezi wa Septemba. Lewis hakuwa na ufasaha wa Bond wala sura yake ya kupendeza; alijionyesha kuwa mtu wa kazi ngumu. Wapiga kura weusi walio wengi walimwunga mkono Bond, na weupe walio wengi wakampa Lewis. Lewis alishinda kwa asilimia 52 kwa 48, akakaa Washington mpaka alipofariki mwezi wa Julai 2020.

Eneo ambalo Bond alilitolea jasho likatwe vyema likampa kiti mtu mwingine. Wazee wetu wamesema, "Mpanda ngazi hushuka," na pia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Uchungu ulikuwako, kwa kuwa maneno makali yalisemwa na urafiki wa wawili hao uliingia dosari. Lakini Bond hakupinga hesabu ya kura. Aliyekwenda mpaka Mahakama Kuu ili uamuzi wa wapiga kura uheshimiwe, aliuheshimu ulipokuwa dhidi yake. Baadaye akawa mwalimu katika vyuo vikuu, na kuanzia 1998 mpaka 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikubwa cha zamani cha kutetea haki za watu weusi. Alifariki tarehe 15 Agosti, 2015, akiwa na umri wa miaka 75.

Sasa turudi kwa swali letu. Kiti ni mali ya nani? Mwaka 1966 wajumbe 184 walidhani ni chao, nao wakaambiwa sivyo. Mwaka 1986 rafiki za Bond walidhani kwa sifa zake kiti ni chake tayari, nao wakaona sivyo. Kiti ni cha wapiga kura. Wao hukiazima kwa mtu kwa muda, kama mtu aazimavyo jembe kwa jirani, na muda ukiisha hulitaka jembe lao, ama wampe yule yule, ama wampe mwingine. Jirani mwema hulirudisha bila ugomvi, hata kama shamba lake halijaisha kulimwa.

Na wewe, ndugu msomaji, uliye karani ofisini au mkulima shambani, mjumbe wako atakapokuja kukuomba kura, usimwulize tu atakuletea nini. Mwulize pia: siku wenzake 184 watakapomwambia ayameze maneno yake, atafanya nini? Kisha jiulize nawe: mlango ukifungwa usoni pake, je, utarudi kusimama katika mstari mara ya pili, na mara ya tatu?